Kilichomo Ndani ya Githeri

Katika mijadala ya bajeti nchini Kenya, mpango wa chakula cha mchana shuleni hupimwa zaidi kwa idadi ya watoto wanaolishwa na kwa magunia ya mahindi na maharagwe yaliyosafirishwa, na mbunge anayeutetea mbele ya wapiga kura wake huona kuwa ametimiza wajibu wake pindi anapoitaja idadi hiyo. Hesabu hiyo ina maana, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hawezi kumsikiliza mwalimu; lakini wataalamu wa lishe wamejua kwa muda mrefu kwamba kujaza tumbo na kulisha mwili ni mambo mawili tofauti, na kwamba tofauti yenyewe mara nyingi huletwa na vitu vidogo vinavyoongezwa kwenye sufuria, vitu ambavyo ni rahisi kuvifuta katika orodha ya ununuzi fedha zinapopungua.

Ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu jambo hili ulipatikana Kenya kwenyewe. Kati ya mwaka 1998 na 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiongozwa na daktari wa watoto Charlotte Neumann na wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walifanya jaribio katika shule 12 za msingi za eneo la Kyeni, Embu. Shule hizo ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne: la kwanza lilipewa githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, iliyoongezwa mafuta, la pili githeri pamoja na maziwa, la tatu githeri iliyotiwa nyama ya ng'ombe ya kusaga, na la nne halikupewa chakula, ila familia za watoto wake zilipewa mbuzi wa maziwa kama fidia. Vipimo vilisawazishwa ili makundi matatu yaliyokula yapate nishati ileile, hivyo kwamba iwapo matokeo yao yangetofautiana, sababu isingeweza kuwa shibe. Nyongeza yenyewe haikuwa kubwa, kwani nyama ilianza na takriban gramu 60 kwa mtoto kwa siku, na maziwa mililita 200, kabla ya kuongezwa kidogo baadaye.

Matokeo hayakulingana. Watoto waliokula githeri yenye nyama waliwapita wengine wote katika mtihani wa Raven, ambao humwonyesha mtoto mchoro wenye sehemu iliyokosekana na kumtaka achague, kati ya vipande kadhaa, kile kinachoukamilisha, na ambao hutumika kupima uwezo wa kufikiri bila kutegemea maneno. Katika hesabu, kundi la nyama na lile la mafuta yalilipita kundi ambalo halikulishwa, ilhali katika ufahamu wa maneno hakuna tofauti iliyoonekana. Maziwa, ambayo wengi wangeyatarajia yaongoze katika kila jambo, hayakuinua alama za Raven, lakini yaliwasaidia kurefuka watoto wadogo na wale waliokuwa wamedumaa. Uwanjani nako, watoto wa kundi la nyama walionekana kuchangamka zaidi na kuwaongoza wenzao katika michezo.

Sababu inayoelezea tofauti hizi imo ndani ya githeri yenyewe. Mahindi na maharagwe yakichanganywa hutoa wanga na protini ya kutosha, na maharagwe yana madini ya chuma kwa wingi. Hata hivyo, nafaka na jamii ya kunde hubeba pia fitati, yaani kampaundi ya fosforasi ambayo mmea huihifadhi ndani ya mbegu na ambayo hushikamana na chuma na zinki tumboni, hata sehemu kubwa ya madini hayo ikapita bila kufyonzwa. Chuma cha nyama na samaki, kwa sehemu yake iliyofungwa ndani ya chembe za damu na misuli, hukwepa kizuizi hicho, na nyama husaidia hata chuma cha maharagwe kilicho katika sahani hiyohiyo kufyonzwa vyema zaidi. Zaidi ya hayo kuna vitamini B12, inayohitajika katika kutengeneza damu na kutunza utando unaozunguka neva, ambayo kwa asili hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama pekee. Githeri tupu haina B12, hata mtoto akiongezewa sahani ya pili na ya tatu.

Vipimo vya damu vya Embu vilithibitisha sehemu tu ya maelezo hayo, na hapa ndipo anayetetea chakula bora anapaswa kuwa mwaminifu. Kati ya virutubisho vyote vilivyopimwa, ni B12 pekee iliyoongezeka kwa namna inayoonekana kwa watoto waliopewa nyama au maziwa. Kiwango cha chuma hakikupanda kama ilivyotarajiwa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni malaria na maambukizi mengine, ambayo huharibu chembe za damu na kuufanya mwili ukifungie chuma chake ghalani. Chakula pekee, kwa hiyo, hakitoshi pasipo vyandarua na dawa za minyoo.

Si lazima nyama ya ng'ombe ipikwe kila siku, na mbunge anayedai ipikwe kila siku atashindwa mapema kwa hoja ya gharama. Omena, samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao hukaushwa juani na kuliwa wazima pamoja na mifupa, hutoa B12, zinki na kalsiamu, na wakisagwa wanaweza kuchanganywa na chakula bila jiko la ziada. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha na maji yake yakamwagwa, fitati hupungua na kuni huokolewa. Chungwa au mboga mbichi yenye vitamini C, ikiliwa pamoja na chakula, huongeza ufyonzaji wa chuma. Chai ya rangi inayonywewa papo hapo baada ya kula hufanya kinyume. Jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha ni kwamba tangu 2012 sheria ya Kenya huwataka wenye viwanda kutia vitamini na madini katika unga wa mahindi uliofungashwa, lakini githeri hupikwa kwa mahindi mazima, kwa hiyo faida ya sheria hiyo humpita mtoto aliyekusudiwa.

Mahindi yenyewe yanaweza kuwa hatari. Yakihifadhiwa kabla ya kukauka hadi unyevu wa takriban asilimia 13.5, huota kuvu wanaotengeneza sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Ghala la shule lisilo na sakafu kavu wala kipima unyevu ni suala la bajeti sawa na mahindi yaliyomo.

Mpango wa kulisha shule ulianza mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na mwaka 2018 Serikali ikauchukua kikamilifu, jambo lililohamisha maamuzi yake kutoka kwa wafadhili hadi kwa wawakilishi waliochaguliwa. Nairobi, tangu 2023, serikali ya kaunti na shirika la Food4Education hupika katika majiko makuu, na mwanafunzi hulipa shilingi 5 kwa kugusisha bangili ya kielektroniki kwenye kifaa. Kwamba wanasiasa huweza kuharibu pia si nadharia tupu: mwaka 2011 Bunge la Marekani liliizuia wizara ya kilimo kubadilisha kanuni iliyohesabu vijiko viwili vya rojo ya nyanya kama nusu kikombe cha mboga, na pitsa ya shuleni ikabaki na hadhi yake.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya humpa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, na vifungu vya bajeti hutoa njia ya kuidai. Kifungu cha 221 huitaka Serikali iwasilishe makadirio ya matumizi bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia 30 Aprili, na huilazimu kamati inayoyapitia kutafuta maoni ya umma. Kifungu cha 119 humruhusu mtu yeyote kupeleka ombi bungeni. Kwa watoto wa chekechea, ambao elimu yao iko chini ya kaunti, wa kuulizwa ni wawakilishi wadi. Waraka unaosema tu kwamba watoto walishwe huitikiwa bila kubadilisha lolote, lakini ule unaotaka kiwango cha fedha kwa kila mtoto kijumuishe omena au maziwa kwa siku zinazotajwa, chumvi yenye madini joto, kipima unyevu kwa kila ghala na fedha kufika kabla ya muhula kufunguliwa, humfanya mbunge ayatafute mambo hayo katika kurasa za makadirio, na yasipokuwemo, amwulize Waziri sababu.