Rhine Inapokaribia Bahari
Njia ya baiskeli ya Mto Rhine huanzia milima ya Alps nchini Uswisi na kuishia Hoek van Holland, kwenye Bahari ya Kaskazini, baada ya zaidi ya kilomita 1,200. Siku za mwisho ni za Uholanzi. Hapo mto hugawanyika kuwa matawi, na njia hupita juu ya tuta: upande mmoja maji, upande wa pili malisho yaliyo chini kuliko mto wenyewe. Milima hakuna, lakini asidhani mtu kwamba kazi imekwisha. Upepo wa magharibi humpiga mwendeshaji usoni, na juu ya tuta hakuna pa kujikinga.

Kupotea ni vigumu. Njia panda zina namba, na msafiri huandika chache kwenye karatasi na kuzifuata. Pasipo daraja, mara nyingi kuna kivuko kidogo.

Karibu na Rotterdam kuna vinu 19 vya upepo vya Kinderdijk, vingi vikiwa vya karibu mwaka 1740. Havikusaga nafaka, vilipandisha maji kutoka mashambani. UNESCO iliviorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 1997. Kuanzia Rotterdam, meli kubwa husindikiza baiskeli hadi Hoek van Holland, iliko feri ya kwenda Harwich, Uingereza.