Kumsaidia si Kumtawala

Huenda katika kikundi chenu yuko mwanachama mwenye ulemavu wa kisaikolojia: husikia sauti wasizosikia wengine, au hushikwa na huzuni nzito hata jembe likamshinda. Wote twataka kumsaidia. Lakini wasaidizi si wa aina moja. Tukichanganya kazi zao, tutamnyang'anya haki yake huku tukidhani tunamtunza.

1. Mtunzaji. Mara nyingi ni mama, mume au dada. Hupika, hukumbusha dawa, husindikiza kliniki. Kazi hii huchosha, kwa hivyo kikundi kimpokee zamu siku moja moja. Lakini kumtunza mtu si ruhusa ya kuuza mbuzi wake.

2. Mwenzake aliyepitia hayo. Hatoi dawa wala amri. Husikiliza, kisha hueleza lililomfaa yeye. Hapa kwetu, chama cha Users and Survivors of Psychiatry in Kenya huendesha vikundi vya namna hii.

3. Mhudumu wa afya ya jamii. Hupita nyumba kwa nyumba na kuelekeza watu zahanati. Yeye si daktari, na siri za boma hapeleki sokoni.

4. Msaidizi wa maamuzi. Huyu huchaguliwa na mwenye shida mwenyewe. Humsomea barua ya benki, humweleza faida na hasara, humpa nafasi ya kufikiri. Anayeamua ni mwenyewe.

Huyu wa nne asichanganywe na msimamizi wa mali. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 iliipa korti uwezo wa kumteua msimamizi, naye huamua badala ya mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2008, unasema katika kifungu cha 12 kwamba wote ni sawa mbele ya sheria, na anayehitaji msaada wa kuamua apewe.

Basi fanyeni hivi. Mwanachama akiwa na nafuu, mwulizeni: Ukizidiwa, tumwite nani? Nani asiitwe? Zamu yako ya mchango ikifika, pesa ashikiwe nani? Katibu aandike, mwenyewe atie sahihi. Akitaka kubadilisha kesho, abadilishe.

Maswali ya kujadiliana
- Kwetu, ni nani huamua kwa niaba ya wengine? Nani alimchagua?
- Mtunzaji aliyechoka tutampunguzia mzigo vipi?