Pekundu Kwenye Picha ya Droni Si Pa Kumwaga Yurea

Swali limerudi tena, na safari hii limekuja na picha: shamba la mahindi lililopigwa kwa droni, katikati kijani, kona mbili nyekundu. "Mtaalamu, hapo pekundu niongeze mifuko mingapi ya yurea?" Hata mmoja usiongeze, mpaka uende ukasimame pale na jembe mkononi.

Imani kwamba pekundu ni pa njaa ya mbolea ina wachuuzi wake. Asubuhi wanarusha droni, jioni wanakuletea "ramani ya mbolea" pamoja na bei ya mifuko. Ramani ya mbolea hiyo siyo. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Programu huchukua tofauti ya miale hiyo miwili, huigawa kwa jumla yake, na kupata namba kati ya -1 na 1. Namba hiyo inakuambia hapa majani ni mengi, pale ni machache. Kwa nini ni machache, haijui.

Rangi nazo hupakwa na programu. Mara nyingi namba ya chini kabisa katika shamba lako ndiyo hupewa nyekundu na ya juu kabisa kijani, hata kama zimeachana kidogo tu. Kwa hiyo shamba zuri litakuwa na wekundu wake, na shamba bovu kijani chake. Magugu yaliyolishinda hindi yataonekana kijani safi, na hapo ndipo watu hujipongeza!

Ng'oa mmea pale pekundu uutazame. Katika shamba linalolimwa na trekta kwa plau la sahani, kina kilekile mwaka hadi mwaka, utakuta mzizi umeshuka sentimita 20 hivi, umegonga tabaka gumu, umepinda na kutambaa kando. Yurea haitoboi tabaka hilo. Bondeni kwenye maji yaliyotuama, bakteria hugeuza naitrojeni kuwa gesi, na hela yako inapaa nayo. Kwenye udongo mchachu, wenye pH chini ya 5.5, na Nyanda za Juu Kusini tunao, alumini hudumaza mizizi na fosforasi hukamatwa isitumike. Yurea msimu baada ya msimu huzidisha uchachu huohuo. Viwavijeshi, kiduha, mistari iliyochelewa kupandwa: vyote hutoa wekundu uleule. Ndiyo maana nakasirika mkulima anapouziwa mifuko kwa rangi.

Ukitaka kuligawa shamba kwa kanda, picha moja haitoshi. Ukanda ni sehemu inayorudia tabia yake msimu hadi msimu, basi tafuta picha za misimu mitatu au zaidi. Za setilaiti ya Sentinel-2 ni za bure, zipo tangu 2015, na nukta yake moja ni mita 10 kwa 10. Eka moja hupata nukta kama 40 tu, za pembezoni zikichanganyika na shamba la jirani. Mwenye eka moja atembee kwa miguu. Mawingu ya masika huziba setilaiti. Droni hupita chini ya mawingu hayo, ila huhitaji kibali cha anga.

Chukua picha kabla ya mbelewele, majani hayajafunika shamba lote. Gawa kanda mbili au tatu, zisizidi. Kila ukanda chota udongo mahali 10 hadi 15 kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimita 20, changanya, weka nusu kilo kwenye mfuko wake, peleka maabara ya SUA Morogoro au TARI Mlingano. Tabaka gumu lipasue kwa ripa wakati wa kiangazi, maji yachimbie mfereji, uchachu utilie chokaa kabla ya msimu. Penye njaa ya kweli, sasa ongeza mbolea. Ukanda usiorudisha gharama kila mwaka upande majani ya ng'ombe. Na kokote utakakobadili kiwango, acha mistari michache kwa kiwango cha zamani, uivune na kuipima peke yake.