Kufasiri na Kutabiri: Istilahi za Ndoto katika Kaskazini Mashariki ya Kenya

UTANGULIZI

Kutulo ni mji mdogo ulioko kwenye barabara itokayo Wajir kwenda El Wak na Mandera. Wenyeji wa sehemu hiyo, kama walivyo wengi wa Garissa, Wajir na Mandera, ni Wasomali wenye asili ya ufugaji na Waislamu wafuatao madhehebu ya Shafii. Kisomali ndiyo lugha ya nyumbani. Kiarabu ni lugha ya duksi, yaani chuo cha Kurani. Na Kiswahili hupatikana shuleni, sokoni na ofisini. Kwa hiyo istilahi ya dini huweza kupita katika lugha tatu kabla haijamfikia msikilizaji, na katika safari hiyo maana yake huweza kupotoka.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kufasiri ndoto katika mazingira hayo ni kazi ya jamii yenye kanuni zake za usemi, na kwamba kitenzi cha Kiswahili *kutabiri*, ambacho mara nyingi hutumiwa kuieleza, huificha kazi hiyo.

NENO NDOTO NA WENZAKE

Kitenzi *ota* kilikuwa na konsonanti mwanzoni. Ushahidi wake umo katika nomino *ndoto*, ambamo nazali imekutana na /l/ ikazaa /nd/, kama ionekanavyo katika *ulimi* na *ndimi*. Lugha za jirani zimeihifadhi konsonanti hiyo: Kiganda husema *kuloota*, Kikikuyu *kurota*. Baada ya Kiswahili kuidondosha, kuota ndoto, kuota moto na kuota kwa mmea kumekuwa na umbo moja. Kisomali nacho kina mgongano wake: *riyo* ni ndoto, na *riyo* ni mbuzi wengi. Katika lugha zote mbili muktadha ndio uamuao.

Kiarabu hutenga *ruya*, ndoto njema, na *hulm*, ndoto mbaya. Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira huongeza aina ya tatu: mazungumzo ya nafsi, yaani mabaki ya shughuli za mchana. Kiswahili kina *ndoto*, *njozi*, *ruya* na *jinamizi*, lakini usemi wa kila siku huyaingiza karibu yote katika neno *ndoto*. Msomi wa dini asikiapo ndoto, swali lake la kwanza ni la uainishaji: hii ni ya aina gani? Zipo ndoto zisizostahili kufasiriwa kamwe.

KANUNI ZA USEMI

Kanuni hizo zatokana na hadithi, na kwa hiyo ni mali ya Waislamu popote walipo. Aliyeota ndoto njema huisimulia kwa ampendaye au kwa mwenye ilimu. Aliyeota mbaya hujikinga kwa Mwenyezi Mungu, hutema mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, hugeuka ubavu, wala hamwambii mtu. Katika hadithi nyingine ndoto hufananishwa na kitu kilichotundikwa mguuni mwa ndege, ambacho huanguka pindi kifasiriwapo. Maana yake ni kwamba tafsiri ni tendo, na atendaye ana dhima. Ndiyo sababu msikilizaji huchaguliwa.

Kazi yenyewe haikuwa ya mtu mmoja tangu mwanzo. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad alikuwa akiwauliza masahaba baada ya sala ya alfajiri ni nani aliyeona ndoto usiku huo. Abu Bakr alipofasiri mbele yake ndoto ya wingu lililodondosha samli na asali, aliambiwa kwamba amepatia baadhi na kukosea baadhi. Mfasiri, basi, alisahihishwa mbele ya wenzake. Abdallah bin Zaid aliyaota maneno ya adhana; Umar naye akaeleza kwamba aliona mfano wake. Hata hivyo wanafikihi husisitiza kwamba ndoto peke yake haithibitishi sheria: adhana ilithibitika kwa idhini ya Mtume.

Katika tarika za Kisufi desturi hiyo iliendelea, kwani muridi humsimulia shehe wake ndoto zake. Tarika ya Kadiria ilienezwa katika nchi za Wasomali na Zanzibar na Shehe Uways wa Barawa (1847–1909), mji ambao wenyeji wake husema Chimini, lahaja ya kaskazini ya Kiswahili. Kwa hiyo Msomali wa bara na Mswahili wa pwani wamekunywa katika kisima kimoja.

Mbinu ya kufasiri nayo hutazama mtu kwanza, alama baadaye. Husimuliwa kwamba Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki yapata mwaka 728, alijiwa na watu wawili walioota wanaadhini. Mmoja alimwambia atahiji, wa pili kwamba ni mwizi. Alitegemea aya mbili zenye tendo la kunadi, na hali za waulizaji. Maziwa, ambayo kwa mfugaji ni chakula cha kila siku, katika hadithi yalifasiriwa kuwa ilimu.

TATIZO LA KUTABIRI

*Tabiri* yatokana na Kiarabu *taabir*, na shina lake lina maana ya kuvuka. Katika Sura ya Yusuf, aya ya 43, mfalme huwataka wakuu wake waivushe ndoto yake, kutoka sura ionekanayo hadi maana. Katika Kiswahili kitenzi hiki kimehamia kwenye kueleza yajayo: leo hutabiriwa mvua na matokeo ya uchaguzi.

Uhamaji huo si kosa la lugha, bali una gharama. Mwanafunzi wa Wajir au Garissa asomaye kwamba shehe "hutabiri ndoto" ataelewa kwamba shehe anadai kujua ghaibu, dai ambalo katika Uislamu ni zito. *Kuagua* nako huleta harufu ya uganga na ramli. *Fasiri* ndiyo ifaayo zaidi: hutaja kueleza maana, haimpi mfasiri elimu asiyoidai, na Kisomali nacho kina *fasir*, hivyo msikilizaji wa Kutulo haachwi nje.

HITIMISHO

Inapendekezwa kwamba *kufasiri* kutumike kwa kazi ya kueleza ndoto, na *kutabiri* kuachwe kwa yajayo. Na kwamba kamusi zionyeshe wazi maana ya asili ya *tabiri*, ili msomaji wa maandishi ya kale asipotoshwe. Tofauti ya kitenzi kimoja yatosha kumgeuza mwanachuoni kuwa mpiga ramli.