Kilowati na Uniti: Istilahi za Gari la Umeme

Magari ya umeme yanazidi kuingia nchini. Katika hifadhi za kaskazini yamekuwa yakibeba watalii tangu mwaka 2018. Pamoja na magari hayo huja vitabu vya maelekezo, ambavyo wafasiri hutakiwa kuvitia katika Kiswahili. Katika makala hii tunakusudia kufafanua dhana mbili ambazo aghalabu huchanganywa, nazo ni nishati na nguvu.

Utata hutokana na neno "umeme", ambalo katika mazungumzo hubeba dhana zote mbili. Mkazi wa Moshi anunuapo LUKU hupewa uniti. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani kiasi cha nishati. Kilowati peke yake hupima nguvu, yaani kasi ya kutoa au kupokea nishati hiyo. Mtambo wa Nyumba ya Mungu una uwezo wa megawati 8. Ukifanya kazi kwa ukamilifu kwa muda wa saa moja, huzalisha uniti 8,000.

Mkulima wa migombani huko Machame au Marangu hatapata taabu kuelewa. Maji yaliyomo bwawani ni kiasi. Maji yapitayo katika mfongo kwa kila dakika ni kasi. Betri ni bwawa, waya ni mfongo.

Mfasiri aandikapo "betri ya kilowati 40" badala ya "kilowati-saa 40", humpotosha mnunuzi. Soketi ya nyumbani ya ampea 13 haitoi zaidi ya kilowati 3 hivi. Kwa hiyo betri hiyo ikiwa tupu itahitaji zaidi ya saa 13 kujaa, kwani sehemu ya nishati hupotea njiani. Asiyejua hayo atachaji usiku, na alfajiri atakuta gari halijawa tayari kwa safari.

Mlima nao una hesabu yake. Kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu ni kupanda mita 1,000 hivi. Gari la tani 2 hutumia uniti 5 na nusu kwa kuinuka tu, mbali na zile za kushinda upepo na msuguano. Likiteremka, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati hiyo. Lakini betri iliyojaa kabisa haina nafasi ya kuipokea. Hivyo achajiye Marangu yafaa asiijaze kabla ya kuteremka.

Twapendekeza istilahi zifuatazo:

Nishati ya betri: kiasi kinachohifadhiwa, hupimwa kwa kilowati-saa.
Nguvu ya kuchaji: kasi ya kuijaza betri, hupimwa kwa kilowati.
Umbali wa chaji: kilomita ambazo gari laweza kwenda kwa betri iliyojaa.
Urejeshaji nishati: kuichaji betri kwa mteremko au kwa kupunguza mwendo.

Neno "chaji" limekwisha zoeleka, nasi hatuoni sababu ya kulibadili. Ila lisitumiwe kwa maana ya malipo. Kwa hayo, "ada" latosha. Walimu na watumishi wa umma wakizingatia tofauti hizi, mwananchi ataweza kujua anachokinunua kabla ya kutoa fedha yake.