Ajali Haina Kinga, Lakini Gari Lina Breki

Ijumaa moja ya mwaka 2011 nilikuwa nikiendesha pikapu ya kaka yangu katika Barabara ya Jomo Kenyatta hapa Mombasa, nikitokea upande wa Digo Road kwenda Majengo. Adhana ilikuwa imeshalia na nikihofu khutba isije ikaanza bila mimi. Karibu na Mwembe Tayari palikuwa na milia ya kuvukia watu, na juu ya milia hiyo tuktuk ilikuwa imesimama, kushoto kwangu. Mimi, kama walivyo madereva wengi wa mji huu, nikajiambia huyu anapakia abiria. Nikampita kwa mkono wa kulia.

Kumbe hakuwa akipakia mtu. Alikuwa amesimama kumpisha mama mmoja muuza mahamri, aliyekuwa akirudi kwake na beseni tupu kichwani. Nilimwona alipotokeza mbele ya ile tuktuk, na kwa wakati huo mguu wangu ulikuwa bado kwenye mafuta. Mlio wa lile beseni la bati likibingirika barabarani ninao masikioni mpaka leo.

Hakufa, alhamdulillahi. Alivunjika mfupa wa paja, akalala hospitalini wiki saba, na tangu siku ile hatembei bila mkongojo. Biashara ya mahamri akamwachia bintiye, ambaye kwa ajili hiyo aliacha masomo.

Sasa sikiliza yaliyosemwa. Vijana wawili watatu walitaka kunishika mashati, lakini watu wazima wakawatuliza: "Mwacheni, ni ajali tu." Kule hospitalini ndugu za yule mama, watu waungwana mno, wakanipa mkono na kuniambia ajali haina kinga. Mama mwenyewe, mguu umening'inizwa kwa mizani, akanambia, "Usijitie simanzi mwanangu, lililoandikwa haliepukiki." Nami nikayapokea maneno hayo kama mtu mwenye kiu apokeavyo maji. Nililala usingizi mzuri usiku ule, jambo ambalo leo linanitia haya kulisema.

Aliyeniharibia usingizi ni ami yangu. Nilimkuta barazani baada ya Isha, peke yake, na kikombe chake cha kahawa.

"Nimesikia habari zako," akasema. "Wasemaje wewe?"

"Ni kudura ya Mungu, ami."

"Kudura naijua. Nakuuliza wewe. Ulikuwa ukenda mbio gani?"

"Kama hamsini." Nilijua fika haikuwa hamsini.

"Na ile tuktuk ulipoiona imesimama kwenye milia, ulitia breki au ulitia mafuta?"

Sikumjibu. Naye hakunihimiza. Akamwaga machicha ya kahawa, akaingia ndani, akaniacha pale barazani.

Tangu hapo nimekuwa nikilichunguza hili neno "ajali" tulitamkalo kila siku. Asili yake ni Kiarabu, na huko ajali ni muda uliowekwa, ule muhula wa mtu ambao ukifika hausogezwi mbele wala nyuma. Waarabu wenyewe gari likimgonga mtu husema haditha, yaani tukio, jambo lililotokea. Sisi wa pwani tumelichukua lile neno la muhula tukalitia katika tukio. Basi mtu akisha kusema "ajali," kesi imekwisha kabla haijaanza: aliyegongwa muhula wake ulikuwa umefika, na dereva ni kama upepo uliopita tu. Sidhani wazee wetu walikusudia hivyo. Wao walikuwa na majahazi, na nahodha aliyepandisha jahazi mwambani kwa uzembe hakusalimika kwa kutaja kudura.

Wala dini haimwachi dereva aende zake hivyo. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, mtu aliyemuua muumini kwa kukosea, narudia, kwa kukosea, si kwa kusudi, anadaiwa diya iwafikie jamaa za maiti isipokuwa wakisamehe, na juu yake kafara ya kumwacha huru mtumwa. Asiyeweza atafunga miezi miwili mfululizo. Diya jamaa waweza kuisamehe. Kafara hawana uwezo wa kuisamehe, kwa sababu hiyo ni baina ya mtu na Mola wake. Ingekuwa kifo kwa mkono wa mwengine ni kudura na hakuna zaidi, ile miezi miwili ya kufunga ingekuwa ya nini?

Mtu ataniambia aya ilishuka kabla ya magari. Ni kweli, lakini wanavyuoni hawakulala. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu ya OIC, lilipokutana Brunei mwaka 1993 lilizungumza khasa juu ya magari. Lilikata kwamba sheria za barabarani zisizopingana na dini ni wajibu kuzifuata, na kwamba dereva ni mdhamini wa madhara ayaletayo kwa gari lake. Likamtolea udhuru katika mambo machache: nguvu asizoweza kuzizuia, kosa la yule aliyeumizwa likiwa ndilo lililoleta madhara, au kosa la mtu wa tatu. Haraka ya kuwahi Ijumaa haimo. Na hiyo haraka yenyewe Mtume, rehema na amani zimshukie, aliikataza, akataka watu waiendee swala kwa utulivu, kwa sakina, neno ambalo watu wa Majengo wameupa msikiti wao. Nilikuwa nikivunja Sunna ili niiwahi Sunna.

Tuje kwenye milia yenyewe. Waingereza ndio walioitia katika sheria yao mwaka 1951, baada ya kuijaribu sehemu nyingi tangu 1949. Kabla yake walikuwa na tufe za manjano juu ya nguzo kando ya njia, tangu 1934, lakini kivuko chenyewe hakikuonekana vyema na dereva aliye mbali. Milia huonekana, na kazi yake ni hiyo tu. Haina mkono wa kumshika dereva. Nguvu yake yote imo katika ile sheria inayomtaka dereva ampishe aliyekwisha kanyaga hapo, na katika dereva kuiheshimu. Hapa kwetu mwendo wa mjini kisheria ni kilomita 50 kwa saa, na dereva akiua kwa kuendesha ovyo au kwa hatari aweza kufungwa mpaka miaka 10.

Na hiyo hamsini, ambayo wengi tunaiona ni mwendo wa kobe, hebu tuifanyie hesabu. Gari la mwendo wa 50 hukata mita 14 hivi kwa sekunde moja. Mtu akigutuka, sekunde nzima huweza kupita kabla mguu haujaikamata breki. Kwa hiyo zile mita 14 zimekwenda bure, na ndipo gari linaanza kupunguza. Gari lililokuwa likenda 30, barabara ikiwa kavu na breki nzima, katika mita hizo hizo 14 huwa limeshasimama kabisa. Yaani pale ambapo mmoja ameshasimama, mwenzake ndiyo kwanza anakanyaga breki. Mimi nilikuwa nimepita hamsini, na mbele yangu zilikuwa hatua chache.

Hatari ya jinsi ile niliyoileta ni kubwa katika barabara zetu pana. Gari la kwanza husimama kwa adabu, la pili likapita pembeni yake kwa ujuba, na mwenda kwa miguu hulitazama lile lililosimama, humpungia dereva wake mkono wa shukrani, akaingia mbele ya lile asiloliona. Matatu nazo zimetuzidishia balaa kwa kupakia watu juu ya milia, hata mtu huwezi kujua lililosimama limempisha mtu au linatafuta nauli. Ndiyo maana nasema gari lolote lililosimama kwenye milia, hata kama dereva wake ni mkorofi, lihesabiwe limempisha mtu.

Simtoi makosani mwenda kwa miguu. Nawaona pale Markiti wakikatiza katikati ya magari na simu sikioni, na kivuko kipo hatua ishirini. Wakuu wa barabara nao wanayo yao, kwani mahali pengi rangi ya milia imefutika hata mgeni hawezi kujua kama iliwahi kuwapo. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alihofu kuulizwa na Mungu juu ya nyumbu atakayejikwaa Iraki kwa kuwa yeye hakuisawazisha njia. Huyo ni nyumbu. Kenya hii mwaka 2024, kwa hesabu ya NTSA, barabara ziliua watu 4,748, na waliokuwa wengi kuliko kundi jingine lolote ni waenda kwa miguu.

Lakini siku ile mimi milia niliiona. Ilikuwa nyeupe pe.

Yule mama nilimlipia matibabu, na nikamlipa bintiye kiasi alichokosa kwa miezi ya mwanzo, ingawa hakuna korti iliyonilazimisha. Shule yake sikuweza kumrudishia, maana hakutaka tena. Kila Idi humpelekea mama mkono wa Idi, naye kila mara hunikaribisha na kurudia yale yale, kwamba ilikuwa ni kudura. Zamani nilikuwa nikiitikia. Siku hizi nanyamaza tu, nikala nilichoandaliwa.

Ijumaa iliyopita nilifika mahali pale pale, safari hii na gari langu mwenyewe. Watoto wa chuo walikuwa wamejipanga wavuke, kanzu na mabuibui madogo, na msahafu kifuani. Nikasimama. Matatu nyuma yangu ikaanza kupiga honi, utingo akatoa kichwa akaniuliza kama nimefiwa. Nikatoa mkono dirishani kuwazuia waliokuwa wakija kulia kwangu, na alhamdulillahi wakasimama. Watoto wakaanza kuvuka. Walipofika katikati, bodaboda ikatokea kushoto, ikapita baina ya gari langu na ukingo wa njia bila kupunguza mwendo hata kidogo. Mtoto wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza ameshusha mguu. Aliurudisha juu ya ukingo, akanitazama mimi, akangoja nimwambie kama sasa aweza kuvuka.