Bayard Rustin, mwandaaji aliyesahauliwa

Hapa Usa River ukimtaja Mchungaji Martin Luther King, karibu kila mtu anamfahamu. Ukimtaja Bayard Rustin, utaulizwa: ni nani huyo? Ndiye aliyeandaa maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963, watu wapatao 250,000 wakidai kazi na uhuru. Alipewa muda usiofika miezi miwili kupanga mabasi, maji, vyoo na vipaza sauti. Waliowahi kuwa kwenye kamati ya jubilei ya parokia wataelewa.

Mwaka 1956, wakati wa mgomo wa mabasi kule Montgomery, alikuta nyumba ya King ikilindwa kwa silaha. Rustin, aliyelelewa na bibi Mkwekeri na kufungwa jela kwa kukataa kwenda vitani, alimsaidia King kuielewa kwa kina njia ya Gandhi ya kutotumia nguvu. Hata kwetu alifika: mwaka 1962 alikuwa Dar es Salaam na Bill Sutherland, wakiandaa maandamano ya kuunga mkono uhuru wa Zambia ya leo.

Mbona basi hatajwi? Rustin alivutwa kimapenzi na wanaume wenzake, wala hakuficha. Mwaka 1960 Adam Clayton Powell, mbunge mweusi na mchungaji, alitishia kueneza uvumi kwamba Rustin na King ni wapenzi. Ulikuwa uongo mtupu. King hakumtetea, Rustin akajiuzulu. Jambo hili linatuuma kuliko mashambulizi ya wabaguzi, kwa kuwa lilitoka kwa ndugu. Miaka mitatu baadaye seneta Strom Thurmond alipomchafua hadharani, mzee A. Philip Randolph alisimama naye, na safari hii King pia.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu matendo hayo tunayajua, na hatuandiki ili kuyapinga. Lakini Katekisimu ile ile, namba 2358, inatuagiza kuwapokea watu hawa kwa heshima na huruma, na kuepuka kuwabagua isivyo haki. Kwa maoni yetu, kumnyima mtu jina lake katika kazi aliyoifanya ni ubaguzi wa namna hiyo.

Siku ile ya Washington, sala ya ufunguzi iliongozwa na Askofu Mkuu Mkatoliki, Patrick O'Boyle. Mwishoni Rustin mwenyewe alisimama kusoma madai ya waandamanaji, moja baada ya jingine, na umati ukamwitikia.